Kukirimu Jamaa Nyakati za Kombe la Dunia katika Nyumba Yenye Paka Mtundu

Mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 2026, yanayofanyika Marekani, Canada na Mexico kwa pamoja, na ambayo kwa mara ya kwanza yanakusanya timu 48 badala ya 32, yamepangwa kuanza Alhamisi tarehe 11 Juni na kumalizika Jumapili tarehe 19 Julai. Na kwa kuwa saa za nchi hizo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa saba hadi kumi, mchezo unaochezwa kule alasiri, jua likiwaka, hutufikia sisi usiku baada ya Isha, na ule unaochezwa kule jioni hutufikia katika saa za daku. Mchezo wa kwanza, baina ya Mexico na Afrika Kusini, ni saa nne usiku. Wa mwisho ni saa nne usiku vilevile. Na katikati yake iko mingi inayoanza saa saba usiku au saa kumi alfajiri. Nyumba yenye televisheni kubwa na ukumbi wa kutandika mikeka miwili haitakosa wageni katika majuma hayo: ami atatoka shamba, mama mdogo ataleta watoto waliofunga skuli, shemeji atakuja na rafiki ambaye hukumwalika, na pengine mkweo, ambaye mpira haumhusu hata chembe, ataona uzito kubaki peke yake ilhali jamaa wote wamehamia kwako.

Katika nyumba hiyo yumo paka. Simkusudii yule mzee aliyekwisha kuchoka na dunia, alalaye kutwa chini ya kitanda, bali mdokozi, arukaye juu ya kabati, afunuaye sufuria, na ajuaye milango yote ambayo vitasa vyake vimelegea. Wenyeji wengi, wanapoandaa ugeni wa namna hii, humkumbuka paka baada ya sambusa ya kwanza kupotea, na hapo humfukuza kwa kandambili mbele ya wageni, naye hutoka kwa mlango na kurejea kwa dirisha. Mwongozo huu umejengwa juu ya rai moja ambayo nimeiona ikisadikika katika nyumba nyingi za Unguja, Tanga na Mombasa, nayo ni kwamba utundu wa paka siku za wageni si ukaidi wala si uadui, bali ni natija ya saa zake kuvurugwa, mahali pake kutwaliwa na tumbo lake kusahauliwa. Na kwamba mwenyeji atakayemhifadhia mambo hayo matatu atawahifadhia wageni wake raha na staha yao pia. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, nasi tuanze hapo.

Anza na saa, na anza juma zima kabla ya wageni kufika. Paka kwa tabia yake ni mnyama wa magharibi na alfajiri. Katika nyakati hizo mbili damu yake huchemka, macho yake hupanuka, na kila kitu kinachotikisika huwa windo lake. Nyakati hizo, kwa bahati mbaya, ndizo zinazopakana na michezo. Lakini tabia hiyo hiyo ina upande wa pili ulio msaada mkubwa kwa mwenyeji: paka aliyewinda hula, aliyekula hujilamba, na aliyekwisha kujilamba hulala usingizi mzito. Basi umpe mawindo. Chukua kijiti, funga kitambaa nchani, umkimbize ukumbini kwa robo saa mpaka atweteke, kisha umwekee chakula chake cha usiku. Na chakula hicho ukisogeze kidogo kidogo kila siku, dakika chache kwa dakika chache, mpaka siku ya ufunguzi kiwe kinatolewa saa tatu na nusu za usiku. Mpira utakapoanza, yeye atakuwa amejikunja. Ukimaliza mchezo wa kijiti, kifungie kabatini, maana uzi au utepe ukimezwa na paka huweza kukunja matumbo yake pamoja kama kitambaa kilichovutwa uzi, na tiba ya hapo ni kupasuliwa, ambayo si kila mji wetu una wa kuifanya usiku wa manane.

Jambo la pili ni mahali. Kabla hujafikiri nani atalala wapi miongoni mwa watu, amua paka atakaa wapi, kwa sababu watu unaweza kuwaambia na yeye huwezi. Chumba chake kiwe cha ndani, kilicho mbali na televisheni kuliko vyote. Na ajabu isikushike kwamba nasisitiza umbali, kwa kuwa sikio la paka hufika kwenye sauti nyembamba za mitetemo 64,000 hivi kwa sekunde, ilhali la binadamu hukomea 20,000, na kelele ya watu ishirini wanaoinuka kwa pamoja bao linapofungwa, ambayo kwetu ni furaha, kwake ni jambo la kutisha lisilo na sababu. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe na za Lamu, zenye kuta nene, zina fadhila kubwa kwa jambo hili. Weka humo maji, chakula, sinia la mchanga wa kujisaidia lililo mbali na chakula hicho, nguo yako iliyokwisha kuvaliwa ambayo harufu yake anaijua, na kitu kirefu cha kupanda, kwani paka mwenye khofu hutaka kutazama kutoka juu. Asiye na chumba cha ziada aweke boksi lililolazwa ubavu chini ya kitanda, aliteremshie shuka mbele yake, na awaambie watu wote kwamba aliyeingia humo haguswi.

Lakini kumpa mahali si kumtia kifungoni. Waislamu wanaijua vyema habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki yake, na stoo yenye joto na mlango uliokomewa tangu jioni hadi asubuhi haiko mbali na habari hiyo. Mlango ufunguliwe kila mapumziko, mtu aingie, atazame maji, aseme neno la upole, atoke. Na kama paka wako ni wa baraza na mapaa, kama walivyo wengi wa Lamu, ambako paka ni wakazi wa mji kama watu, basi usimfungie kabisa. Mwachie dirisha lake la siku zote, akatafute utulivu anapopajua. Wa kufungiwa ni yule aliyezoea ndani tu, maana usiku wa wageni lango halifungwi, na paka asiyejua njia akitoka kwa khofu huenda asirudi.

Sasa tuje kwenye chakula, ambacho ndicho kiini cha takrima na ndicho kiini cha wizi. Liko jambo moja la maumbile ambalo wapishi wetu wangelijua mapema wangepumzika: ulimi wa paka hauonji utamu wa sukari. Kashata, visheti, mkate wa kumimina, kaimati zilizochovywa shira, vyote hivi unaweza kuviacha juu ya sinia wazi katikati ya ukumbi na paka akavipita bila ya haja, isipokuwa vikiwa na siagi au maziwa mengi ambayo mafuta yake yatamvuta. Kwa hiyo viwe hivyo vya kudumu siniani muda wote wa mchezo, pamoja na dele la kahawa na vikombe vyake, na vyenye nyama au samaki vitolewe kwa zamu, vya moto, viliwe, na vyombo viondoke. Zamu hizo mchezo wenyewe umekupangia: mapumziko ya katikati ni dakika 15, na katika mashindano haya waamuzi watasimamisha kila kipindi kwa dakika 3 kiasi cha dakika ya 22 ili wachezaji wanywe maji. Mishkaki ije katika mapumziko ya katikati. Viazi karai na bajia vije katika kusimama kwa maji, kwa kuwa si vyakula vya kugombaniwa. Samaki wa kukaanga, kwa heshima yote anayostahili katika nchi ya pwani, namshauri mwenyeji amwache kwa chakula cha mchana wa siku ya pili, kwani harufu yake hupenya mlango wowote na huvunja kila suluhu uliyofanya na mnyama wako. Kila kilichosubiri jikoni kifunikwe kwa kawa, na juu ya kawa pawekwe kitu kizito, kwa maana kawa peke yake humkinga nzi, hamkingi paka.

Khatari kubwa zaidi, hata hivyo, si anachoiba bali anachopewa. Mgeni mwenye huruma humega nyama ya sambusa akamdondoshea, mtoto humpa mfupa wa kuku, na hakuna katika hao anayejua kwamba kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, wala kwamba mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyochoma koo na utumbo. Vijiti vya mishkaki vihesabiwe vinapotoka na vinaporudi, kwani kijiti kilichokunywa mafuta hutafunwa chote. Maziwa, ambayo desturi yetu imeyafanya kuwa karamu ya paka, huwaharisha wengi waliokwisha kukua, na paka mwenye kuhara katika nyumba iliyojaa wageni ni taabu ambayo sitaieleza. Na liko moja ambalo nalitilia mkazo kuliko yote. Watu wanaokesha huumwa na kichwa, na wanaoumwa na kichwa hutoa panadoli. Kidonge kimoja kikianguka chini ya mkeka, au kikatolewa kwa nia njema na mtu anayemhurumia paka mnyonge, chatosha kumuua, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuiyeyusha dawa hiyo. Waambie wageni jambo hili waziwazi siku ya kwanza, wala usione haya.

Mitambo nayo yataka tahadhari. Lipia king'amuzi na nunua umeme wa kutosha kabla ya siku yenyewe, si saa tatu usiku wakati kila nyumba mtaani inafanya hivyo. Paka hupenda joto, na king'amuzi kilichokaa juu ya meza ni kitanda kizuri kwake. Akilala juu yake huziba matundu ya kupumulia na mtambo huzima kwa kuzidiwa na joto, mara nyingi katika dakika za nyongeza. Kipandishe mahali pembamba pasipolalika. Televisheni ifungwe ukutani au ikazwe kwa nyuma, kwa sababu wako paka wanaoufuata mpira kiooni kwa macho na hatimaye wakaurukia.

Tusimwonee paka, maana wanyama na mpira wana historia ndefu. Katika mashindano ya mwaka 1962 nchini Chile, Brazil ilipokuwa ikicheza na Uingereza, mbwa aliingia uwanjani akawakimbiza wachezaji mpaka Jimmy Greaves alipopiga magoti na mikono chini akamkamata. Na mwaka 1966 kombe lenyewe, ambalo wakati huo liliitwa kwa jina la Jules Rimet, liliibwa London mwezi Machi, likatafutwa na askari wasilione, kisha likapatikana baada ya siku chache limefungwa katika gazeti chini ya kichaka. Aliyelivumbua alikuwa mbwa aitwaye Pickles, akitembezwa na bwana wake.

Narudi kwa jamaa, ambao ndio walioleta yote haya. Mwenyeji akubali tangu mwanzo kwamba hatautazama kila mchezo kwa ukamilifu. Aliyekaa mbele ya televisheni tangu filimbi ya kwanza hata ya mwisho ni mtazamaji, si mwenyeji. Wazee wapokewe, wapewe shikamoo zao kwa utaratibu, na wakalishwe penye mahali pa kuegemea, karibu na mlango wa kutokea ili wasivuke miguu ya watu wanapotaka maji au faragha. Mkweo, usimkadirie kwamba lazima akae na kundi. Mwandalie chumba chenye hewa na kitanda kilichotandikwa, mtilie udi, mpe mtu wa kuzungumza naye, na mlango wa kundi uwe wazi kwake akitaka. Mwezi wa Juni na Julai ni kipupwe, kusi inavuma, na watu wazima husikia baridi usiku hata kwetu, basi blanketi lisikosekane. Muulize kwa upole kama anapatana na paka. Wako watu wazima wenye hekima nyingi ambao paka akiwapita miguuni hutetemeka, na hakuna sababu ya kuwafanyia dhihaka. Wako wenye pumu, ambao chumba alicholala paka ni madhara kwao hata kama hayumo. Na mwanamke mwenye mimba asiachiwe kusafisha mchanga wa paka, kwa kuwa katika kinyesi chake huweza kuwamo vijidudu vya toksoplasma vinavyomdhuru mtoto tumboni.

Suala la tohara huulizwa katika kila nyumba ya namna hii, na jibu lake ni jepesi. Paka si najisi. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo chake cha udhu ili paka anywe, kisha akaeleza kwamba sababu ni hiyo. Kwa hiyo unyoya mkekani hauharibu swala ya mtu. Mkojo ni jambo jingine, na paka aliyetiwa khofu na harufu za watu wapya huenda akakojolea vitu vyao ili arejeshe harufu yake. Aghalabu huanza na viatu mlangoni na mabegi yaliyoachwa wazi. Viatu viwekwe ndani ya kabati au juu ya ubao, mabegi yafungwe, misala ikunjwe baada ya kila swala. Michezo ya saa kumi alfajiri, kwa upande wake, itakutwa na adhana kabla haijamalizika. Makubaliano yafanywe mapema, watu wakiwa na utulivu: adhana ikisikika sauti ya televisheni itateremshwa, wenye kuswali watasimama, na wanaobaki hawatapiga kelele. Nyumba iliyoyaafikiana haya mchana haitabishana usiku.

Watoto nimewaweka mwisho kwa sababu wao ndio wanaoweza kuharibu kila nililosema au kulifanikisha. Walazwe alasiri, hata wakilia, siku ya mchezo wa usiku. Mmoja wao, aliye mtulivu na si lazima awe mkubwa, apewe amana ya paka: ndiye ajazaye maji, ndiye asimamaye mlangoni pa chumba chake, ndiye aambiaye wenzake kwamba mnyama aliye chini ya kitanda havutwi mkia. Mtoto aliyepewa amana huilinda kwa bidii ambayo amri haiwezi kuizaa, na wenzake humtii kuliko wanavyokutii wewe.

Ikiwa pamoja na hayo yote mtoto ameparuzwa au ameumwa, usipake majivu wala mafuta ya taa, wala usingoje mchezo umalizike. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali, kwani kichaa cha mbwa hakiko kwa mbwa peke yake, paka nao hukichukua, na dalili zake zikishadhihiri kwa mtu karibu kila mara mwisho wake ni mauti, ilhali chanjo iliyotolewa mapema baada ya jeraha humwokoa. Paka anayetarajiwa kukaa na watu wengi namna hii asikae bila ya chanjo yake mwenyewe. Chanjo ya kwanza huhitaji kiasi cha mwezi mmoja ili kinga itimie mwilini mwake. Basi wewe unayengojea wageni tarehe 11 Juni, mpeleke kwa daktari wa mifugo mwanzoni mwa Mei, na cheti chake ukiweke mahali utakapokiona upesi.